"Mali Ikishauzwa Hairudishwi": Muuza Nguo na Mteja Wake katika Fiqhi na Historia

 

Mwaka jana madrasa ya msikiti wetu ilinunua jora moja la kitambaa cheupe kwa ajili ya kanzu za wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kuhitimu. Kijana wa dukani alikunjua kitambaa kiasi cha mikono miwili, akatupa ncha tuipapase, akalipigapiga jora kwa kiganja na kutuapia kwamba hatutapata jingine kama hilo mjini. Tukalipa, tukaondoka. Fundi alikuwa amekwisha kukata kanzu nne alipofika sehemu ya ndani ya jora na kukuta nyuzi zimekatika kwa mstari mrefu, na pembeni yake madoa ya mafuta ya mashine. Alasiri ile ile tulirudi dukani. Kijana hakutujibu neno. Alinyoosha kidole tu kuelekea karatasi iliyobandikwa ukutani nyuma yake, yenye maandishi makubwa: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Kisha akamgeukia mteja mwingine.

Duka hilo hatulitaji, wala hakuna faida ya kulitaja, kwani karatasi kama ile imebandikwa katika maduka mengi ya miji yetu, yakiwemo ya watu tunaosimama nao safu ya kwanza. Wengi wao hawaoni kwamba wamefanya kosa. Wanaiona karatasi hiyo kuwa ni kanuni ya biashara kama kanuni nyingine. Sisi tuliporudi msikitini tukajiuliza maswali mawili: Je, karatasi ile ina nguvu gani katika sheria ya Allah (S.W.)? Na wale wema waliotutangulia, ambao wengi wao walikuwa wauza nguo, walimtendea vipi mtu aliyeingia dukani mwao? Tuanze na swali la pili, kwa sababu jibu la kwanza limezaliwa humo.

Nguo katika soko la Madina

Ni vyema ikafahamika kuwa biashara ya nguo, ambayo kwa Kiarabu huitwa biashara ya bazz na mwenye kuifanya huitwa bazzaz, ilikuwa biashara ya watu wazito katika umma huu. Sayyidna Abubakar (r.a.) alikuwa muuza nguo. Wanahistoria wamesimulia kwamba alipopewa ukhalifa mwaka 11 H (632 M), asubuhi yake alionekana akielekea sokoni na nguo zake begani, mpaka akakutana na Umar na Abu Ubayda (r.a.) wakamuuliza vipi atafanya biashara na hali amekwisha kubebeshwa mambo ya Waislamu. Akawauliza watoto wake watakula nini. Ndipo akapangiwa posho katika hazina. Yaani khalifa wa kwanza wa Uislamu aliitoka meza ya duka la nguo akaingia katika uongozi, na siku ya kwanza hata hakuona sababu ya kulifunga duka.

Mtume mwenyewe (s.a.w.) tunamkuta katika hadithi akiwa mteja wa nguo, na humo mna mafunzo ambayo hotuba zetu huyapita haraka. Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Suwayd bin Qays (r.a.) kwamba yeye na mwenziwe walileta nguo kutoka Hajar mpaka Makka. Mtume (s.a.w.) akawajia kwa miguu, akapatana nao bei ya suruali, na palikuwapo mtu aliyekuwa akipima fedha kwa ujira. Akamwamuru mpimaji huyo apime na auzidishe uzito. Angalia, ndugu msomaji, ni upande wa nani uliozidishiwa. Siku zile bei ililipwa kwa fedha ya kupimwa, na aliyekuwa akilipa ni yeye Mtume (s.a.w.). Mteja ndiye aliyeongeza. Tunalisema hili mapema ili asije mtu akadhani makala haya yameandikwa kwa ajili ya kuwasema wenye maduka peke yao.

Na kuna siku alivunjiwa heshima. Tirmidhi amepokea kwa Mama Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na nguo mbili nzito, za kukwaruza, akikaa akatokwa na jasho zinamwelemea. Ikaja nguo kutoka Sham kwa mfanyabiashara mmoja wa Madina. Mama Aisha akashauri apelekewe mtu, Mtume (s.a.w.) achukue nguo mbili kwa mkopo mpaka hali itakapokuwa nyepesi. Mfanyabiashara yule akajibu kwamba anajua anachotaka Muhammad, anataka kuondoka na mali yake. Alipofikishiwa jibu hilo, Mtume (s.a.w.) alisema kwamba mtu huyo amesema uongo, na kwamba anajua fika kuwa yeye ndiye mcha Mungu kuliko wote na mtekelezaji mno wa amana. Basi. Mtawala wa mji, mwenye jeshi na amri, alikataliwa mkopo wa nguo mbili kwa maneno ya kuudhi, na duka halikufungwa wala bidhaa haikuchukuliwa.

Katika soko hilo hilo zilikuwapo aina za uuzaji wa nguo ambazo Mtume (s.a.w.) alizikataza, na hapa ndipo fiqhi inapoingia. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) katazo la mulaamasa na munaabadha. Ya kwanza ni mtu kuigusa nguo kwa mkono wake, usiku au mchana, bila ya kuigeuza, na huko kugusa ndiko kukawa mauzo. Ya pili ni huyu kumrushia mwenziwe nguo na yule kumrushia yake, mauzo yakawa yamepita bila ya kutazama wala kuridhiana. Wanafunzi wetu huyasoma maneno haya mawili kwa ajili ya mtihani na kuyasahau, wakidhani ni desturi za zama za ujahili zilizokwisha kufa. Lakini kijana aliyetupa ncha ya jora tuipapase, kisha akahesabu mauzo yamepita, alikuwa karibu nayo sana. Hatusemi kwamba mauzo yetu yalikuwa mulaamasa yenyewe, maana tulipatana bei na tulikuwa huru kuomba jora likunjuliwe lote. Hatukuomba. Hilo ni kosa letu na tunalikiri.

Kufa na Basra

Katika karne ya pili Hijria masoko makubwa ya nguo yalikuwa Iraq, na ndiko tunakowakuta wanazuoni waliokuwa na kalamu mkono mmoja na kipimo cha nguo mkono wa pili. Imamu Abu Hanifa (80–150 H) aliuza khazz, nguo iliyofumwa kwa hariri iliyochanganywa na sufi, na duka lake mjini Kufa lilijulikana, lilikuwa katika nyumba ya Amr bin Hurayth. Wafuasi wa madhehebu yake wanajua fatwa zake. Wachache wanajua kwamba nyingi ya fatwa hizo katika mlango wa mauzo zilitolewa na mtu aliyekuwa akiuza.

Wamesimulia waliokusanya habari zake, akiwemo al-Khatib al-Baghdadi katika historia yake ya Baghdad, kwamba alimpelekea mshirika wake bidhaa, na katika hizo nguo moja ilikuwa na kasoro, akamwagiza ambainishie mnunuzi. Mshirika akauza vyote, akasahau kubainisha, wala hakumjua aliyenunua. Abu Hanifa alipopata habari aliitoa sadaka thamani ya bidhaa zote. Siyo ya nguo ile moja.

Na wamesimulia kwamba mwanamke alimletea nguo ya hariri aiuze, akataka dirhamu 100. Akamwambia kwamba ina thamani zaidi. Akaongeza 100, naye akarudia maneno yale yale, mpaka wakafika 400, na bado akamwambia ni zaidi. Mwanamke akadhani anafanyiwa mzaha. Abu Hanifa akamtaka alete mtu wa kuitia thamani, akaja mtu, na Abu Hanifa akainunua kwa 500. Mara nyingine alikuja bibi kizee akasema kwamba yeye ni dhaifu na akaomba auziwe kwa bei aliyonunulia mwenye duka. Akampa nguo kwa dirhamu 4. Bibi akakasirika, akamtaka asimcheze mtu mzima. Abu Hanifa akamweleza kwamba alinunua nguo mbili, akaiuza moja kwa mtaji wote ukipungua dirhamu 4, kwa hiyo hii iliyobaki imemgharimu hizo 4. Linalotupendeza katika visa hivi viwili ni kwamba wateja wote wawili hawakumwamini. Walikuwa wamezoea maduka mengine.

Basra alikuwapo Yunus bin Ubayd, aliyefariki mwaka 139 H, mwanachuoni wa hadithi na muuza khazz. Imamu Ghazali amehadithia katika Ihya kwamba Yunus alikuwa na nguo za bei mbalimbali, nyingine dirhamu 400 kila moja na nyingine 200. Akaenda kusali, akamwachia duka mtoto wa ndugu yake. Akaja bedui akataka nguo ya 400, kijana akamwonyesha ya 200, bedui akaipenda akailipia 400 na kuondoka nayo mkononi. Njiani akakutana na Yunus, ambaye aliijua nguo yake, akamuuliza ameinunua kwa kiasi gani. Alipoambiwa, akamtaka arudi, kwani haizidi 200. Bedui akasema kwamba kwao nguo hiyo ni 500 na yeye ameridhika nayo. Yunus hakukubali mpaka akamrudisha dukani na kumpa 200 zake, kisha akamgombeza kijana. Kijana akajitetea kwamba mteja aliichukua kwa ridhaa yake. Yunus akamuuliza kwa nini basi hakumridhia mwenziwe lile analoliridhia kwa nafsi yake.

Utetezi wa kijana yule ni utetezi wa kila duka mpaka leo: mteja aliridhika. Na kwa upande wa hukumu tupu kijana alikuwa na hoja, maana bei ya kupatana ikishaafikiwa bila ya udanganyifu, mauzo husimama. Yunus alikuwa anazungumza juu ya jambo jingine, nalo ni nasaha, yaani kumtakia mwenzako kheri hata pale ambapo yeye mwenyewe hajui kinachomfaa.

Siku nyingine alitakiwa khazz na mteja. Mtumishi wake akalitoa kapu, akaikunjua nguo, akaitazama na kuomba: Ewe Mola, turuzuku Pepo. Yunus akaamuru nguo irudishwe mahali pake, akakataa kuiuza, akichelea kwamba dua ile imekuwa njia ya kuisifu bidhaa. Tukikisoma kisa hiki darasani vijana hucheka. Nasi tunawaachia wacheke, kisha tunawauliza ni mara ngapi wamesikia dukani "wallahi" na "bismillahi chukua" na "hii ni ya kwako wewe tu sheikh". Bukhari na Muslim wamepokea kwamba kiapo huitoa bidhaa haraka lakini hufuta baraka.

Wa tatu ni Muhammad bin al-Munkadir wa Madina, aliyefariki mwaka 130 H. Alikuwa na vipande vya nguo, vingine vya dirhamu 5 na vingine vya 10. Kijana wake akamuuzia bedui kipande cha 5 kwa 10. Ibn al-Munkadir alipojua, alimtafuta bedui yule mchana kutwa mpaka akampata. Bedui akasema ameridhika. Akamjibu kwamba hata kama wewe umeridhika, sisi hatukuridhii ila tunaloliridhia kwa nafsi zetu. Akampa hiari tatu: achukue kipande cha 10, au arudishiwe dirhamu 5, au arudishe nguo na achukue fedha zake. Bedui akachukua dirhamu 5. Baadaye akauliza mtu yule ni nani, na alipotajiwa jina akastaajabu, kwani ndiye waliyekuwa wakiomba mvua jangwani kwa kumtaja.

Mwanga na kipimo

Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka 505 H, 1111 M) hakuishia kwenye visa. Katika kitabu cha adabu za kuchuma ndani ya Ihya ameingia dukani hasa, akaangalia mikono ya muuzaji. Ametaja kwamba anayeonyesha uso mzuri wa nguo na kuuficha uso wa pili amefanya ghushi, na vivyo hivyo anayeionyesha nguo mahali penye giza. Tumewahi kuuliza mafundi wawili watatu kuhusu jambo hili nao wakasema ndiyo maana wao hukibeba kitambaa mpaka mlangoni, kwenye jua, kabla ya kutoa fedha, kwa sababu taa za rangi zilizotundikwa dukani huifanya nyeusi iliyochuja ionekane nyeusi kamili. Giza la zama za Ghazali limekuwa taa.

Akaendelea kutaja kwamba muuza nguo anaponunua huiachia nguo ilegee wakati wa kupima, na anapouza huivuta, ili ipatikane tofauti ya kipimo. Hilo amelihesabu kuwa ni katika upunjaji ambao Allah (S.W.) amewaahidi adhabu wenye kuufanya katika Suratul Mutaffifin. Kwa kawaida sura hiyo tunaisomea wauza mchele na sukari.

Haya hayakuachiwa dhamiri za watu peke yake. Katika miji ya Waislamu alikuwapo muhtasibu, msimamizi wa soko. Al-Shayzari, aliyeishi Sham katika karne ya 6 Hijria, ameandika kitabu cha kumwongoza muhtasibu, na humo wauza nguo, wafumaji, washonaji na watia rangi kila kundi lina mlango wake. Ametaja kwamba fundi akipewa nguo ya thamani kama hariri asiipokee ila kwa kuipima uzito, na akishaishona airudishe kwa uzito ule ule. Watia rangi amewafichua kwamba wengi wao hutumia hina badala ya mzizi wa rangi nyekundu, nguo ikatoka inang'aa, na ikipigwa na jua hung'oka. Tena akataka nguo za watu ziandikwe majina ya wenyewe kwa wino zisije zikabadilishwa.

Nguo katika pwani yetu

Huku kwetu, nguo ndiyo iliyokuwa ikipimia mali. Ibn Battuta aliyefika Mogadishu mwaka 731 H (1331 M) amezitaja nguo zilizofumwa mji huo kuwa hazina mfano na zilisafirishwa mpaka Misri. Ameeleza pia desturi yao ya kumpokea mgeni mfanyabiashara. Jahazi likifika, vijana hutoka kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mmoja wa wafanyabiashara na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Mgeni hufikia kwa mwenyeji huyo, naye humuuzia bidhaa zake na kumnunulia anachotaka. Akitokea mtu akanunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akamuuzia kitu mwenyeji wake akiwa hayupo, mauzo hayo hurudishwa. Hayo ndiyo aliyoyaona mwenyewe, katika mji wenye kadhi, kabla hajaendelea Mombasa na Kilwa. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba kurudisha mauzo ni ugeni ulioletwa na maduka makubwa ya Ulaya, tumwambie kwamba pwani ya Afrika Mashariki iliyajua miaka karibu 700 iliyopita.

Katika karne ya 19 ikaja merikani, nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi, iliyopewa jina la nchi ilikotoka. Sayyid Said aliweka mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na nguo hiyo ikapanda bara kwa misafara, ikihesabiwa kwa mikono: mikono minne shuka moja, mikono minane doti. Mkono ni kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole, na kila mtu anaujua ulipo ugomvi wa kipimo hicho, kwamba mikono ya watu hailingani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865) vilipoikata pamba, nguo za viwanda vya Uingereza na Bombay zilizidi kujaza nafasi, lakini jina la merikani likabaki kwa nguo ya aina ile hata kama haikuiona Marekani. Kama mnunuzi alijua kuwa jina hilo limekuwa la aina ya nguo, hapana tatizo. Kama alinunua kwa kuamini inatoka kule, na muuzaji anajua na amenyamaza, mafaqihi wanalo jina la kunyamaza huko: tadlisi.

Ndiyo maana alama ya mwenye mali ilikuwa na maana katika nguo zetu. Mombasa, kanga za duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, zimejulikana vizazi kwa vizazi kwa maneno "Mali ya Abdulla". Mwenye kuandika jina lake juu ya nguo amejitoa kuulizwa. Na kanga yenyewe imewafunza mama zetu kuwa wateja hodari. Huuzwa kwa doti, vipande viwili ambavyo havijakatwa, na mama anayejua hakubali kuonyeshwa kipande cha juu tu. Hutaka doti ifunguliwe yote, kwani huenda cha ndani chapa yake imepinda au rangi imevuja. Muuzaji mvivu huona uchungu wa kukunja upya, akanuna. Mama huyo anatekeleza sunna ya kuigeuza nguo, na muuzaji anayenuna ajue ananunia nini.

Karatasi ya ukutani

Sasa turudi kwenye karatasi. Ni lazima kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo karatasi imeyachanganya.

La kwanza ni mteja aliyejuta. Nguo ni nzima, hana dai lolote, ila amefika nyumbani na rangi haikumpendeza mkewe. Wakishatengana kwa miili hiari ya kikao imekwisha, na huyu hana haki ya kumlazimisha muuzaji. Kwake yeye karatasi inasema kweli. Hata hivyo kukubali kumvunjia mauzo, kunakoitwa iqaala, ni jambo lenye kupendeza sana. Imepokewa na Abu Dawud na Ibn Majah kwamba mwenye kumkubalia Muislamu kuvunja mauzo, Allah (S.W.) atamsamehe kuteleza kwake.

La pili ni mteja aliyekuta kasoro iliyokuwapo tangu nguo iko dukani, inayopunguza thamani, na ambayo hakuiona. Huyu ana haki, inayoitwa khiyari ya aibu, yaani hiari ya kasoro. Je, karatasi yaweza kuifuta? Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani yetu, Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba muuzaji akishurutisha kutokuwa na dhima ya kasoro, kauli yenye nguvu ni kwamba anaepukana na kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, na si nyingine. Mnyama, kwa sababu hali yake hugeuka na maradhi yake hufichika. Kitambaa hakimo. Kwa hiyo hata kama kijana wetu angeyatamka maneno ya karatasi wakati wa kupatana, na sisi tukaitikia, kwa madhehebu haya yasingemwondolea dhima ya nyuzi zilizokatika. Seuze karatasi ambayo hakuna aliyeisoma.

Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa wanalikubali sharti la kujiepusha na kasoro zote, na baadhi ya ndugu zetu wenye maduka ni wa madhehebu hayo. Hatuwalazimishi kauli ya Shafi. Lakini "hairudishwi" peke yake si sawa na kumwambia mnunuzi wazi kwamba nakuuzia pamoja na kasoro zake zote. Na aliyeijua kasoro akaificha, basi ameingia katika haramu kwa madhehebu zote. Itakuwa ajabu kumtegemea Abu Hanifa katika sharti hilo na kumsahau yule yule aliyetoa sadaka bei ya bidhaa zake zote.

Mteja naye ana mipaka. Kwa Shafi haki hii ni ya papo hapo. Ukiigundua kasoro usiku, subiri asubuhi, ukiwa kwenye sala au chakula, maliza. Ukiivaa nguo baada ya kuijua kasoro, au ukakaa nayo wiki bila udhuru, umeipoteza haki. Na ukishaikata nguo, hapo imeingia kasoro mpya mikononi mwako, na huwezi kumlazimisha muuzaji aipokee. Yapasa umwarifu mara moja, kisha mkubaliane, ama airudishiwe pamoja na fidia ya kukatwa, ama ubaki nayo na akulipe fidia ya kasoro ya zamani (arsh). Mkishindana, kauli sahihi zaidi ni kumsikiliza anayetaka nguo ibaki kwa mnunuzi. Fidia hukadiriwa na wajuzi kwa kulinganisha thamani. Kwa mfano nguo iliuzwa sh. 90,000. Ikiwa nzima ina thamani ya sh. 100,000 na kwa kasoro yake ni sh. 80,000, imepungua moja ya tano, basi hurudishwa moja ya tano ya bei, yaani sh. 18,000.

Haya tulikwenda kumsomea mwenye duka, siyo kijana wake, baada ya sala ya Isha. Tulikuwa watatu, pamoja na imamu. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatueleza kwa nini ile karatasi ipo. Alisema kuna wateja wanaochukua nguo Ijumaa, wakaivaa harusini Jumamosi, na Jumatatu wakairudisha ikinukia udi, wakidai mshono ulikuwa mbaya. Alisema kijana wake hajui kupambanua kati ya hao na sisi, na karatasi inamwondolea mzozo. Hatukuwa na la kumjibu katika hilo, maana wateja hao tunawajua, na wengine ni jamaa zetu.

Mafundi watatu waliitwa, wakakadiria, wakatofautiana kidogo, tukachukua kadirio la kati. Alilipa fidia kwa kitambaa badala ya fedha, nasi tukaridhia, na safari hii jora lilikunjuliwa lote juu ya meza. Kanzu zilitosha. Karatasi ile bado ipo ukutani. Tulipomuuliza, alisema yuko tayari kuibandua siku tutakapomwandikia maneno mengine ya kuweka mahali pake, yaliyo sahihi kisheria, na yanayotosha kwenye karatasi ile ile kwa maandishi ambayo mtu atayasoma akiwa mlangoni. Tumeyaandika mara tatu mpaka sasa, na kila mara yanakuwa marefu.